Mpinduko wa halijoto: kwa nini kileleni kuna joto na bondeni kuna baridi

Majira ya baridi, utabiri wa maeneo ya milimani mara nyingi huja hivi: wiki kavu, upepo hafifu, baridi si kali kwa msimu huu. Mkazi wa bondeni anafungua dirisha na kukuta ukungu mzito, sakitu kwenye majani, na ubaridi unaouma vidole. Aliye mita 1,000 juu yake, saa hiyohiyo, amevua koti na kuketi juani. Utabiri haukukosea. Wote wawili wamo katika hali moja ya hewa, na kinachowatenganisha ni mpinduko wa halijoto.

Kwa kawaida, kadiri unavyopanda mlima ndivyo baridi inavyozidi. Kwa wastani halijoto hushuka nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Jua hupasha ardhi kwanza, kisha ardhi ndiyo hupasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo ikipanda inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na hewa inayotanuka hupoa. Mpinduko ni pale utaratibu huu unapogeuka, yaani katika tabaka fulani la anga hewa ya juu inakuwa na joto kuliko ya chini yake. Tabaka lenyewe laweza kuwa na unene wa makumi ya mita tu, au mamia. Ukilipita, halijoto huanza tena kushuka kama ilivyozoeleka.

Chanzo cha yote ni mgandamizo mkubwa wa hewa. Eneo la mgandamizo mkubwa likituama juu ya safu ya milima kwa siku kadhaa, hewa ya juu huanza kushuka polepole mno, bila mtu kuihisi. Inaposhuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo kwenye tairi. Hewa isiyo na mawingu hupata karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 inazoshuka. Tena ni hewa iliyotoka juu ikiwa na mvuke mchache, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyokuwa mbali zaidi na kiwango cha kufanya wingu. Ndiyo maana wiki za namna hii huwa kavu na anga ya milimani huwa ya buluu iliyokolea, na milima ya mbali huonekana kana kwamba imesogezwa karibu.

Huku chini mambo ni mengine kabisa. Usiku wa majira ya baridi ni mrefu, na pasipo wingu la kulizuia, joto la ardhi hupotelea juu. Theluji huongeza kasi. Mchana, theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua unaoipiga, kwa hiyo haipati joto la maana. Usiku hutoa joto kwa wepesi sana, na papo hapo inazuia joto la udongo ulio chini yake lisipande. Hewa inayogusa theluji hiyo hupoa, na ikishapoa inakuwa nzito, basi inateremka kwa kufuata makorongo mpaka sehemu ya chini kabisa. Hujikusanya huko usiku baada ya usiku. Upepo hafifu hauna nguvu ya kuichanganya na hewa ya juu, na jua la msimu huo, linalopita chini karibu na upeo wa macho, laweza kulifikia bonde jembamba kwa saa chache tu. Kinachobaki ni dimbwi la hewa baridi lililofunikwa na hewa yenye joto.

Mabonde madogo yasiyo na mlango wa kutokea hewa huonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kupita kiasi. Huko Peter Sinks, katika jimbo la Utah nchini Marekani, tarehe 1 Februari 1985 kipimajoto kilisoma nyuzi 56.3 chini ya sifuri. Katika shimo la Grünloch, nchini Austria, mwaka 1932 kulipimwa nyuzi 52.6 chini ya sifuri, mahali palipo chini ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kimo ambacho katika milima ya Alpi si cha kutisha hata kidogo. Sakafu ya Grünloch haina miti. Miti huota juu kwenye kuta zake, mahali baridi isipofika kwa ukali uleule. Kwenye milima mingi miti huisha ukipanda. Hapo huisha ukishuka.

Pale hewa ya bondeni inapokuwa na unyevu wa kutosha, dimbwi hilo hujaa ukungu. Nyanda za Uswisi, zilizo kati ya milima ya Jura na Alpi, hujulikana sana kwa ukungu huu, unaoweza kukaa siku nyingi mfululizo bila jua kuonekana. Anayepanda kutoka ndani yake hufika mahali ambapo kijivu kinageuka weupe unaoumiza macho, na hatua chache mbele anga inafunguka. Mpaka huo huonekana hata kwenye miti. Chini yake kila kijiti kimevaa barafu nyeupe, imejijenga zaidi upande unakotokea upepo. Juu yake matawi ni makavu na ya kahawia. Ukitaka kujua ukungu uliishia wapi usiku uliopita, tazama mstari huo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo kwangu ni nzito kuliko zote, na ambayo utabiri unaosema tu "hali tulivu" huiacha nje. Tabaka lile la joto huzuia hewa ya chini isipande. Kila kinachotoka kwenye mabomba ya magari, majiko na viwanda hubaki mlemle bondeni, na kesho yake kinaongezwa kingine. Desemba 1930, katika bonde la mto Meuse nchini Ubelgiji, ambalo kingo zake ni vilima tu, ukungu na moshi wa viwanda vilikaa siku kadhaa na watu zaidi ya 60 wakafariki. Salt Lake City, iliyobanwa kati ya milima ya Wasatch na Oquirrh, hukumbwa na hewa chafu ya aina hii karibu kila majira ya baridi, na Santiago, mji mkuu wa Chile, hupata shida hiyohiyo mwezi Juni hadi Agosti, ambao ndio wakati wa baridi upande huo wa dunia. Kwa mgonjwa wa pumu, wiki hii inayosifiwa kwa utulivu yaweza kuwa mbaya kuliko wiki ya dhoruba, maana dhoruba angalau hubadilisha hewa.

Msichanganye jambo hili na joto linaloletwa na upepo. Upepo wa Föhn katika Alpi, na ule uitwao Chinook mashariki mwa milima ya Rocky, nao hushuka mlimani ukiwa mkavu na wenye joto, lakini huo huvuma kwa nguvu na huweza kulisafisha bonde lote kwa muda mfupi. Tarehe 22 Januari 1943, katika mji wa Spearfish, South Dakota, halijoto ilipanda kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu ya sifuri ndani ya dakika mbili. Mpinduko hauna haraka wala kelele. Dalili yake rahisi ni moshi: ukipanda wima kidogo kutoka kwenye dohani, kisha ukakatika na kutambaa pembeni kama ubao ulionyooka, umeliona tabaka lenyewe.

Ni kosa pia kudhani kwamba theluji hulala tu wiki nzima kwa kuwa hakuna inayoanguka. Mteremko unaotazama jua huyeyuka juujuu mchana na kuganda usiku, mpaka unapata ganda gumu linalobeba mtu mzima. Ule unaokaa kivulini hubaki laini. Mahali theluji ni nyembamba, udongo ulio karibu na nyuzi sifuri uko chini yake na hewa kali ya usiku iko juu yake, hivyo mvuke husafiri ndani ya theluji na kuigeuza chembe kubwa zisizoshikana, mfano wa sukari. Juu ya uso nako, usiku usio na upepo, mvuke huganda na kuota vipande bapa vya barafu, vyembamba, vinavyometameta, vingine vyenye urefu wa sentimita moja au zaidi. Ukipita juu yake utasikia mlio mwembamba wa kuvunjika. Ni vizuri kuvitazama, na wala havina madhara mpaka hapo vitakapofunikwa.

Kwa anayepanga safari au kazi ya nje, takwimu moja ya halijoto haitoshi wiki hiyo. Linganisha kituo cha bondeni na kile cha mlimani. Cha juu kikiwa na joto zaidi, vaa nguo za baridi kali kwa ajili ya mwanzo wa safari na jiandae kuzipunguza ukipanda. Barabara za chini ndizo zenye utelezi, hasa kwenye madaraja na kona za kivulini, hata kama kileleni maji yanatiririka. Mwenye matatizo ya mapafu afuatilie pia vipimo vya ubora wa hewa, kwa kuwa anga safi inayoonekana kwenye picha za mlimani haielezi lolote kuhusu hewa anayovuta yeye.

Jua pekee la majira ya baridi kwa kawaida haliwezi kuuvunja mpinduko uliokwisha kukomaa. Mara nyingi huvunjwa na upepo mkali wa mfumo mpya wa hewa unaolikokota dimbwi na kulichanganya. Siku hiyo watu wa bondeni huweza kuhisi hali imepata joto kidogo, wakati vituo vya mlimani vinaonyesha halijoto ikiporomoka. Theluji mpya ikianguka, inatua juu ya zile chembe zisizoshikana na vile vipande bapa, ambavyo havina uwezo wa kubeba uzito. Hapo ndipo maporomoko ya theluji hutokea kwenye miteremko iliyokuwa salama kutwa nzima wiki iliyopita, na tabaka hilo dhaifu huweza kubaki limefukiwa kwa wiki kadhaa likisubiri uzito wa mtu mmoja tu.