Tembe anayeatamia mara ya kwanza: tatizo si chanjo

Tangu timu za chanjo ya kuku zianze kupita mitaani chini ya kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Juni 2025 huko Bariadi, mkoani Simiyu, simu zinazoingia kwenye ofisi yetu ya mifugo hapa Tanga zimebadilika. Zamani tuliulizwa dawa ya mdondo, yaani kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku. Sasa tunaulizwa, "Afisa, tembe wangu mlimchanja, akaatamia, mayai yote 15 yameharibika. Nani atanilipa?"

Kila lalamiko linapokelewa na kufuatiliwa. Hata hivyo, tone la chanjo ya mdondo huwekwa kwenye jicho la kuku; haliingii kwenye yai ambalo limeshatagwa na liko kiotani. Katika viota nilivyokwenda kuviangalia mwenyewe, jibu lilikuwa kwenye hiyo hesabu: 15.

Tembe wa kienyeji, kuku jike ambaye ndiyo kwanza ameanza kutaga, ana mwili mdogo. Mayai 8 hadi 10 yanamtosha. Ukimpa 15, ya pembeni hayafunikwi, yanapoa. Mngeniambia basi yataharibika hayo ya pembeni tu. La. Kuku huyageuza mayai kwa mdomo mara nyingi kwa siku, ya pembeni akiyavuta ndani na ya ndani akiyasukuma nje. Kila yai linapata zamu yake ya baridi, na mwisho wa siku 21 unakuta vifaranga wamefia ndani karibu mayai yote. Hapo ndipo chanjo inaposingiziwa.

Jambo la pili ni mayai yenyewe. Mayai ya trei ya dukani hayana jogoo, kwa hiyo hata yakilaliwa mwaka mzima hayatoi kitu. Ninalisema hili kwa sababu bado tunaitwa kukagua "ugonjwa" wa mayai ya dukani. Mayai ya kwanza ya tembe mwenyewe nayo ni madogo na vifaranga wake huwa dhaifu. Ni afadhali umwekee mayai ya kuku mzazi aliyekwisha komaa, yaliyokaa si zaidi ya siku 7. Na kwa joto letu la pwani, hasa wakati wa kaskazi, yai lililoachwa chini ya bati la moto huanza kuumba kifaranga kabla halijalaliwa, kisha kiinitete kinakufa. Okota kila siku. Weka sakafuni kwenye chumba chenye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Si kwenye friji.

Usimpe mayai yote siku ile ile aliyoanza kung'ang'ania kiota. Tembe anaweza kukaa siku moja, keshokutwa akasahau. Mwachie mayai viza mawili kwa siku 2 au 3. Akikaa usiku kucha, akifura manyoya na kukudonoa unapopeleka mkono, amekubali. Kama kiota kipo mahali pabaya, mhamishe usiku, taa zikiwa zimezimwa; ukimhamisha mchana atarudi alikotoka. Tenga au beseni lililopasuka linafaa, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni matandiko mazuri. Mnyunyizie kwanza dawa ya unga ya utitiri, maana tembe anayeliwa na utitiri atakimbia mayai, na hapo ana haki.

Baada ya hapo, mwacheni. Atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 20, ale, anywe, aoge vumbi, aache kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Hiyo ni kawaida. Kumfukuza kwa fagio arudi kiotani si msaada. Siku ya 7, usiku, pima mayai kwa tochi ya simu: lenye mishipa kama miguu ya buibui ni zima, lililo jeupe lote toa. Rudia siku ya 14, basi. Yawekee alama ya mkaa mayai uliyompa, kwa sababu kuku wengine hutagia humo humo. Yai lililoongezwa wiki ya pili halitawahi wenzake, na mama akiondoka na wa kwanza, hilo linabaki.

Kuhusu msumari, kipande cha mkaa na pilipili zinazowekwa kiotani kuzuia radi: haviharibu na havizuii. Tumeshalieleza hili kwenye mikutano ya mitaa zaidi ya mara moja. Ila kama msumari unakutuliza usichungulie mayai kila saa, uweke.

Kifaranga akitoboa ganda, usimbandue. Anaweza kuchukua siku nzima, na akilazimishwa hutoka damu. Ana kiini tumboni kinachomtosha siku 2 bila chakula. Mama mgeni akiwadonoa, watoe uwaweke kwenye boksi lenye joto, kisha uwarudishe chini yake usiku. Wiki 3 za mwanzo wafunike kwa tenga. Kunguru wa Tanga hawahitaji maelezo.

Sasa taratibu. Wapo wanaompitishia kuku unyoya puani ili aache kuatamia. Huo ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 ipo kwa ajili hiyo. Mdondo ni ugonjwa wa kutolewa taarifa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya 2003: ukiona kuku wanakufa kwa mfululizo, wakiharisha kijani au wakipinda shingo, unamwarifu afisa mifugo wa kata au mtendaji wa mtaa, huuzi waliobaki, huwapeleki kwa ndugu Muheza kwa basi la asubuhi, hutupi mizoga ufukweni; unachoma au unafukia kwa kina. Anayesafirisha kuku kwenda wilaya nyingine anatakiwa awe na kibali, ambacho hutolewa baada ya kuku kukaguliwa, na malipo yake hufanywa kwa kontro namba na kupewa risiti. Anayedai pesa mkononi, ripoti. Tunayasema haya yote kwa sababu tunayashughulikia kila wiki.

Chanjo impate tembe wiki 2 au zaidi kabla ya kuatamia, ili kinga ijengeke. Timu ikimkuta tayari yuko kiotani, atawekewa tone hapo hapo bila kubebwa huku na huko. Vifaranga wapate tone wiki ya kwanza, warudie wiki ya tatu, kisha kila miezi 3. Chupa moja huzidi kuku wa nyumba moja, kwa hiyo majirani mpange siku moja.

Yule wa mayai 15, tembe wake amerudi kutaga. Aliniahidi ataweka 9. Nasikia ameweka 12.