Neno "anal" si kifupi cha "analytical"

Ujumbe unazunguka tena kwenye magrupu: eti kivumishi cha Kiingereza "anal" ni ufupisho wa "analytical", yaani mtu anayechambua mambo kupita kiasi. Si kweli. Kimefupishwa kutoka "anal-retentive", kilichozaliwa na nadharia ya saikolojia ya mwanzoni mwa karne ya 20: kwamba mtoto anayezuia choo hukua akishikilia mno utaratibu, akiwa bahili na mkaidi. Shina lake ni neno la Kilatini la pete, lililopewa pia njia ya haja kubwa. "Analytical" limetoka Kigiriki, kwenye kufungua kilichofungwa. Herufi nne za mwanzo ndizo zinazochanganya watu, na inaeleweka. Fungua kamusi ya Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno, utaona. Tafadhali usiusambaze, kuna atakayeliandika kwenye barua ya kuomba kazi akidhani anajisifu.