Je, wajua? Vimondo vya Desemba vinatoka kwa jiwe linaloota mkia

Ikifika tarehe 13 na 14 Desemba, mtu yeyote aliye nje usiku mbali na taa za mji, kama wavuvi wa omena wa Dunga huku Kisumu, ataona vimondo vikipita kimoja baada ya kingine. Hiyo mvua inaitwa Geminidi. Sasa mvua nyingi za vimondo hutokana na vumbi la kometi, yaani zile nyota za mkia zenye barafu, lakini hii imetoka kwa Phaethon, asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka jua) ya upana wa kama kilomita 5 iliyogunduliwa 1983, na cha ajabu ni kwamba ikikaribia jua inaota kamkia. Je, ni kometi iliyoishiwa barafu ama ni jiwe tangu mwanzo?

Hakuna chombo cha angani kimewahi kuifikia, kwa hivyo wanasayansi wanasoma mwanga wake. Mwanga wa jua ukigonga jiwe, madini yanameza rangi fulani na kurudisha zingine, halafu ukiupasua huo mwanga uliorudi ukatoka rangi moja moja kama upinde wa mvua, hiyo ndiyo spektra, unaona ni wapi pamepungua na unajua jiwe ni la aina gani. Viini vya kometi kawaida vinaegemea wekundu. Phaethon inaegemea bluu, kitu nadra sana, ndio maana wengi wanashuku ni kipande cha Pallas, asteroidi kubwa ya kati ya Mirihi na Mshtarii yenye rangi karibu hiyo hiyo.

Na mkia je? Hapa ndipo mimi napapenda kabisa. Rusha chumvi kidogo kwa moto wa jiko, moto unageuka manjano, hiyo ni sodiamu. Mwaka 2023 watafiti waliripoti kwamba kwa picha za SOHO, chombo cha angani kinachochunguza jua, mkia wa Phaethon unaonekana vizuri kwa chujio la rangi ya machungwa linaloshika sodiamu, lakini kwa lile la bluu hakuna kitu, na kama ingekuwa vumbi lingeonekana kwa yote mawili. Yaani jiwe linafika kilomita milioni 21 tu kutoka kwa jua (sisi tuko milioni 150), linapata joto la kupita digrii 700, sodiamu iliyo ndani inageuka mvuke. Barafu haihitajiki hapo.

Lakini usidhani asteroidi zote zinazofanana na kometi ziko hivyo. Don Quixote, nayo ya 1983 na iliyoandikwa asteroidi, spektra yake ni nyekundu kama ya kometi, na darubini ya Spitzer ikakuta gesi inaitoka, kwa hivyo hiyo bado ina barafu yake ndani.