Inang'aa Kwenye Chupa, Unga Wake Giza

Natengeneza molekuli za kung'aa ndani ya skrini zikipitishiwa umeme, na ya kwanza ilinidanganya. Mchanganyiko ulichemka usiku kucha. Asubuhi nikachota tone, nikaliyeyusha kwenye toluini, kimiminika cha kuyeyushia, na kulimulika kwa taa ya urujuanimno. Chupa nzima ikawa buluu, utadhani imewashwa kwa ndani. Nikashangilia. Nilipokausha nikapata unga wa manjano hafifu, nikaumulika nao. Giza.

Wala hakuna kilichoharibika. Molekuli ile ilikuwa bapa kama karatasi. Kwenye myeyusho kila moja huogelea peke yake: elektroni hupanda, hushuka, mwanga hutoka. Kwenye unga hulaliana kama kurasa za kitabu, zikapokezana nishati mpaka ikaishia kuwa joto. Na ndani ya skrini hakuna toluini. Kuna tabaka kavu lenye unene wa makumi ya nanomita tu.

Siku hizi, kabla sijashika chupa, najiuliza kwanza molekuli itapindia wapi. Nabandika vikundi vinene pembeni, au pete za benzini zinazokaa mshazari zikagoma kulaliana. Mwaka 2001 mkemia Ben Zhong Tang na wenzake walieleza molekuli za tabia ya kinyume: hufifia kwenye myeyusho, hung'aa zikikusanyika, maana pete zake zikibanwa haziwezi tena kuzunguka na kumaliza nishati bure.

Kuunganisha vipande vya molekuli si shida: mmenyuko wa Suzuki unaounga kaboni kwa kaboni, metali ya paladiamu kidogo ya kuuchochea, nitrojeni ya kufukuza oksijeni. Shida ni kusafisha. Chembe ya paladiamu iliyobaki, au bromini iliyong'ang'ania ncha ya molekuli, hufupisha maisha ya skrini. Kuchuja kwa safu ya unga wa silika hakutoshi. Naweka unga kwenye bomba la kioo, navuta hewa yote, napasha moto upande mmoja polepole. Mvuke unasafiri na kuganda mbele, fuwele safi kwake, uchafu kwake. Roho huniuma nikipima gramu zilizobaki.

Halafu umeme nao una ubahili wake. Kati ya kila hali nne za msisimko unazozalisha ndani ya molekuli, ni moja tu ambayo molekuli ya kawaida huigeuza mwanga. Metali ya iridiamu, ikiwekwa ndani ya molekuli, huokoa zile tatu. Mwaka 2012 kundi la mwanasayansi Chihaya Adachi lilionyesha kwamba hata bila metali zinaokoleka, kwa molekuli zenye kabazoli, kipande cha pete chenye nitrojeni, zilizopindwa vizuri.

Ule unga wangu bado ninao kabatini. Ukiyeyushwa, buluu ileile.