Kizuizi cha urefu au sharti la mwinuko?

Juzi jioni nilikuwa nimekaa barazani na kijana wa jirani, hapa Dodoma mjini, tunatazama ndege ya kutoka Dar es Salaam ikija kutua. Yeye ana programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. Akaniambia, "Mzee, ile iko futi 6,000 juu yetu. Bila shaka rubani kawekewa kizuizi cha urefu." Maneno hayo nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwenye daladala, na sasa yamefika barazani kwangu. Mimi nilikuwa mwongoza ndege, yule anayewaelekeza marubani kwa redio kutoka chini, hadi nikastaafu, na kila nikiyasikia moyo unaniuma, kwa sababu maneno mawili kati ya matatu yana kasoro.

Kinachozungumzwa ni agizo la mwongoza ndege kwamba rubani akifika mahali fulani, ndege yake iwe juu ya kiwango kilichotajwa, au chini yake, au iwe hapo hapo kamili. Hivyo ndivyo ndege mbili zinazopishana zinavyowekwa mbali, kwa kawaida futi 1,000, yaani mita 305 hivi. Kwenye ramani za marubani, namba yenye mstari chini yake ina maana usishuke zaidi ya hapo. Mstari ukiwa juu ya namba, usipande zaidi ya hapo. Namba ikibanwa na mistari miwili, pita papo hapo. Ni sakafu na dari.

Sasa hilo neno "kizuizi". Aliyepita barabara ya Morogoro anajua kizuizi ni nini: ni mti uliolazwa njiani, gari linasimama, dereva anashuka na karatasi zake. Ndege haisimami. Agizo la mwongoza ndege halimzuii rubani kwenda aendako. Linampa njia, ila kwa sharti. Na sharti ni neno ambalo Waswahili tulilipokea kutoka Kiarabu tukalipa kazi mbili. Tunasema "nitakukopesha kwa sharti urudishe Ijumaa", na tunasema pia "sharti uje", yaani huna budi kuja. Ruhusa yenye masharti na ulazima, vyote ndani ya neno moja. Ndiyo hali halisi ya angani: umeruhusiwa kushuka, lakini mahali fulani sharti uwe umefika futi 9,000.

Kulitimiza kunataka hesabu ya mapema. Marubani huhesabu maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka. Anayetaka kupunguza futi 10,000 aanze maili 30 kabla, karibu kilomita 55, na kama upepo unamsukuma kutoka nyuma aanze mapema zaidi. Agizo analirudia redioni neno kwa neno ili mwongoza ndege ahakikishe limesikika sawa. Akiona hawezi, anasema hawezi, papo hapo. Hakuna aibu katika hilo; waliokaa kwenye kiti nilichokaa mimi wanashukuru kuambiwa mapema.

Lakini linaloniumiza zaidi ni "urefu". Urefu wa ndege ni kutoka puani hadi mkiani. Wengine hujirekebisha wakasema "kimo", na hapo ndipo kosa linakuwa la hatari, kwa sababu kimo ni neno sahihi la kitu kingine. Kimo cha mtu tunakipima kuanzia unyayo, pale anapokanyaga. Kwa hiyo kimo cha ndege ni umbali wake kutoka ardhi iliyo chini yake. Mwinuko unaanzia kwingine kabisa: usawa wa bahari. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa limezitenganisha dhana hizi mbili katika kanuni zake, na ikaongezwa ya tatu kwa ndege zinazoruka juu sana, ambako marubani wote huweka vipimo vyao, ambavyo hupima kwa mgandamizo wa hewa, kwenye mgandamizo mmoja, hektopaskali 1,013.25, bila kujali hali ya hewa ya mahali walipo.

Neno mwinuko lina faida ambayo kimo hakina: lilikuwa la ardhi kabla ya kuwa la ndege. Tunasema mwinuko wa Dodoma ni mita 1,100 na kitu, karibu futi 3,700. Ardhi na ndege zikipimwa kutoka bahari ile ile, unaweza kutoa moja kwa nyingine. Wagogo husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na idodomya, imezama, kwa sababu ya tembo aliyedidimia hapa. Mji uliopewa jina la kuzama, nao uko juu ya bahari kiasi hicho! Rubani aliyeegesha ndege kiwanjani Dodoma, akiwa ameweka mgandamizo unaopima kutoka usawa wa bahari, kipimo chake hakisomi sifuri. Kinasoma karibu 3,700, na magurudumu yako ardhini.

Na bahari haikuingia humu kwa bahati. Rubani lilikuwa neno la chomboni, limetoka Kiarabu, jina la mtu aliyejua miamba na mikondo ya kuingilia bandarini. Alitupa majini bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, akahesabu pima ngapi zimebaki hadi chini. Alihesabu kutoka uso wa bahari kwenda chini. Wa leo anahesabu kutoka uso ule ule kwenda juu. Napenda sana kwamba jina halikubadilika.

Nilimweleza kijana haya yote, naye akanyamaza akiitazama ndege. Kisha akasema, "Ndiyo maana inaonekana kubwa hivyo, mzee. Haiko mbali."

"Haiko mbali," nikamwambia. "Toa 3,700 kwenye 6,000."

Akahesabu. "2,300. Kwa hiyo mwinuko wake ni futi 2,300."

"Hicho ni kimo, mwanangu. Mwinuko wake bado ni 6,000."