Stabilaiza katika bwawa la kuogelea: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Asidi ya sayanuriki, ambayo wauzaji wa dawa za mabwawa huiita stabilaiza, hutiwa majini kwa kazi moja tu, nayo ni kuikinga klorini na jua. Mionzi ya urujuanimno huivunja klorini upesi mno, hata katika bwawa la wazi lisilo na stabilaiza nusu ya klorini inaweza kutoweka kabla saa moja ya jua kali haijatimia. Sina ubishi, basi, na matumizi yake. Ninayoyapinga ni mambo kadhaa yanayosemwa juu yake, kwa sababu wanaoyaamini huwaacha watoto wao waogelee katika maji maangavu ambayo hayana uwezo wa kuua vijidudu kwa wakati.

"Klorini ikisomeka miligramu 3 kwa lita, maji ni salama."

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Klorini iliyomo katika maji yenye stabilaiza huwa katika hali mbili: sehemu kubwa imeshikwa na asidi ya sayanuriki na hukaa kama akiba, na sehemu ndogo sana ndiyo asidi ya haipokloro inayoua vijidudu na mwani. Kila hiyo ndogo inapotumika, akiba huachia nyingine ili kujaza pengo. Mpango huo ni mzuri, lakini kipimo cha kawaida cha klorini huria, yaani klorini ambayo bado haijatumika, hakizitenganishi hali hizo mbili, kwa kuwa dawa ya kupimia huivuta akiba yote na kuihesabu pamoja. Kwa hiyo namba 3 katika maji yenye stabilaiza miligramu 30 kwa lita si sawa hata kidogo na namba 3 katika maji yenye stabilaiza miligramu 100, ambako klorini inayofanya kazi ni chache mara kadhaa. Kanuni inayofuatwa na watunzaji wengi wa mabwawa ya nyumbani ni kwamba klorini huria isishuke chini ya asilimia 7.5 ya stabilaiza: stabilaiza ikiwa 40, klorini isipungue 3, ikiwa 100, isipungue 7.5. Kwa maoni yangu, kusoma klorini bila kujua stabilaiza ni kusoma nusu ya habari.

"Sijaongeza stabilaiza tangu mwaka jana, kwa hiyo haiwezi kuwa imepanda."

Huenda mwenye bwawa huiongeza kila siku bila kujua. Vidonge vinavyoyeyuka polepole ndani ya kifaa kinachoelea au kikapu cha pampu kwa kawaida ni vya trikloro, yaani klorini iliyoungwa na asidi ya sayanuriki, na zaidi ya nusu ya uzito wa trikloro hubaki majini kama asidi ya sayanuriki baada ya klorini yake kutumika. Kila miligramu 10 za klorini kwa lita zinazotokana na trikloro huacha takriban miligramu 6 za stabilaiza. Zinazotokana na unga wa dikloro, ambao nao umeungwa na asidi hiyo, huacha takriban 9. Bwawa linalokula klorini miligramu 2 kwa lita kila siku, likilishwa vidonge pekee, litakuwa limeongezewa stabilaiza miligramu 36 kwa lita katika siku 30. Klorini ya maji, yaani sodiamu haipokloraiti, haiongezi stabilaiza hata kidogo, wala kalsiamu haipokloraiti haiiongezi, ingawa hii ya pili huongeza ugumu wa maji. Anayebadilisha aina ya klorini asitumie kamwe chombo au kifaa kinachoelea kilichokuwa na vidonge vya trikloro kuwekea kalsiamu haipokloraiti, kwa sababu dawa hizo mbili zikigusana zinaweza kuwaka au kulipuka.

"Itapungua yenyewe, au nitaimaliza kwa klorini nyingi."

Jua haliivunji, nayo haipai hewani pamoja na mvuke. Maji yakikauka hubaki, na bwawa likijazwa tena kiasi chake kiko vilevile. Huondoka pale tu maji yenyewe yanapoondoka, ama kwa kurushwa na waogeleaji, ama kwa kuvuja, ama wakati wa kuosha chujio. (Katika bwawa lililotelekezwa hadi klorini ikaisha, bakteria wanaweza kuigeuza kuwa amonia, lakini hiyo ni balaa nyingine, maana amonia huimeza klorini mpya inayotiwa.) Dozi kubwa ya klorini haiiondoi, na ikiwa dozi hiyo ni ya dikloro, tatizo huongezeka.

Njia ya kuaminika kwa bwawa la nyumbani ni kubadilisha sehemu ya maji. Hesabu yake ni nyepesi: kushuka kutoka 100 hadi 40 ni lazima asilimia 60 ya maji iwe mpya. Ni busara kufanya hivyo kwa awamu, kwa sababu bwawa lililokaushwa kabisa mahali ambapo maji ya ardhini yako juu linaweza kunyanyuliwa au kupasuka kutokana na msukumo kutoka chini.

"Ikiwa nyingi, kinga ni kubwa zaidi."

Sehemu kubwa ya kinga hupatikana kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita. Ukipita hapo, faida huongezeka kidogo huku nguvu ya klorini ikizidi kudhoofika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 100. Mtu mwenye kuhara akichafua maji, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani huelekeza stabilaiza isizidi 15 kabla ya kuanza kuua vijidudu, kwa kuwa kriptosporidiamu, kijidudu kinachosababisha kuhara, huistahimili klorini kwa muda mrefu. Bwawa la ndani ya jengo, lisilopigwa na jua, halihitaji stabilaiza.

"Kipimo kilichofanywa siku moja baada ya kuitia kinatosha."

Unga wa asidi ya sayanuriki huyeyuka taratibu sana. Gramu 1 katika mita moja ya ujazo huongeza miligramu 1 kwa lita, kwa hiyo bwawa la mita za ujazo 50 huhitaji kilo 1.5 ili kupanda kwa 30. Unga huo hutiwa ndani ya soksi na kuning'inizwa mbele ya tundu maji yanaporudi bwawani, na usomaji kamili unaweza kuchukua juma zima. Anayepima kesho yake, akaona namba ndogo na kuongeza kilo nyingine, ndiye atakayelazimika kuyamwaga maji juma linalofuata.