Kijiko Kimebeba Nini? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kifungua Kinywa cha Mtoto Mdogo

Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 ana tumbo linaloweza kupokea takriban mililita 300 za chakula kwa mlo mmoja, na katika nafasi hiyo ndogo ndipo asubuhi panapotakiwa kuingia karibu robo ya mahitaji yake ya siku nzima. Dhana nyingi potofu kuhusu kifungua kinywa cha watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huanzia hapo: tunapima shibe kwa macho, kwa kikombe kilichorudi kitupu au kwa kitumbo kilichotuna, badala ya kujiuliza kila kijiko kimebeba nini.

Dhana: Uji mwingi ndio unaomshibisha mtoto

Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoishika ni wazazi na walezi wanaojitahidi kwa moyo wote. Uji hupikwa mwepesi ili mtoto aumeze bila taabu, au ili upite kwenye chuchu ya chupa, na kikombe kikiisha kila mtu nyumbani huridhika. Hebu tufanye hesabu. Gramu 10 za unga mkavu wa nafaka hutoa kilokalori 35 hivi, kwa hiyo uji wa gramu 20 za unga katika mililita 200 za maji una kilokalori 70 tu. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limekadiria kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anahitaji takriban kilokalori 900 kwa siku, maziwa ya mama yakiwemo. Mtoto huyo ameshiba maji. Atatulia kwa muda, kisha ataanza kulialia, nasi tutasema anadeka.

Unga ule ule, kwa kiasi kile kile, ukipikwa kwa mililita 200 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta hukaribia kilokalori 200, na kijiko cha chai cha siagi ya karanga isiyotiwa sukari kikikorogwa ndani yake huongeza nyingine 30. Ujazo wa bakuli haujabadilika, ila mzigo uliomo umekuwa mara tatu. Hakuna haja ya mizani jikoni: chota uji, kiinamishe kijiko juu ya bakuli na utazame. Ukichuruzika kama maji, bado haujawa chakula cha mtoto wa umri huu. Ukishikamana na kijiko kidogo, kisha ukaanguka polepole kwa donge laini, umefika.

Kwa mtoto anayeshindwa kumeza uji mzito, kimea husaidia sana. Nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ina kimeng'enya kiitwacho amilasi kinachokata wanga vipande vipande, hivyo kijiko kidogo cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kiasi huufanya ulainike bila kuongezwa hata tone la maji. Baada ya hapo uji hurudishwa motoni uchemke ndipo apewe mtoto. Na apewe kwa kijiko au kikombe, maana mtoto aliyetimiza mwaka anatakiwa ajifunze kutafuna, na chupa humzoesha kinyume chake.

Dhana: Kadiri unga unavyochanganywa nafaka nyingi, ndivyo lishe inavyokuwa bora

Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele ni vyakula vitano sokoni, lakini kwa hesabu ya lishe ni kundi moja, kundi la wanga. Ukivisaga pamoja umepata wanga wa aina tano. Shirika la Afya Duniani hupima mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kwa makundi manane: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na viazi; mikunde, karanga na mbegu; maziwa na bidhaa zake; nyama, kuku na samaki; mayai; matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi; na matunda na mboga nyinginezo. Mtoto anatakiwa kupata angalau matano kati ya hayo kwa siku, na kifungua kinywa kizuri kinaweza kumpatia matatu kabla jua halijawa kali.

Mchanganyiko mkubwa una kasoro nyingine zisizosemwa. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, nayo huhitaji moto mwingi kuliko unga wa nafaka, kwa hiyo uji ulioonekana kuiva huenda soya yake haijaiva. Karanga zilizosagwa pamoja na unga zina mafuta yanayochacha upesi, na zikipata unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Ni afadhali unga wa nafaka moja au mbili, na vingine vyote viongezwe vikiwa vipya siku ya kupika.

Dhana: Akinywa maziwa ya kutosha, amekula

Maziwa ni chakula chema, na sina nia ya kuyaondoa mezani. Tatizo ni kuyageuza kuwa mlo mzima. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na kalsiamu pamoja na protini yake hupunguza ufyonzwaji wa chuma kinachotoka katika vyakula vingine, ilhali mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji miligramu 7 za chuma kila siku. Anayekunywa maziwa kutwa hana nafasi ya yai, maharage wala nyama, na hivyo mtoto mnene, mwenye mashavu, anaweza kupimwa damu na kukutwa na upungufu. Takriban nusu lita kwa siku inamtosha.

Chai haifai kabisa kwa umri huu, hata ikiwa ya maziwa, kwa kuwa viini vyake vichungu huzuia chuma cha nafaka na mikunde kufyonzwa. Vitamini C hufanya kinyume chake: kipande cha chungwa au papai kando ya maharage yaliyopondwa huusaidia mwili kukipata chuma kilichomo.

Dhana: Juisi ya matunda halisi ni sawa na tunda

Ili kujaza bilauri moja hukamuliwa machungwa matatu au zaidi, na mtoto ambaye asingemaliza hata chungwa moja kwa kulitafuna huyanywa yote kwa dakika mbili. Sukari ya machungwa hayo imeingia, nyuzinyuzi zimebaki kwenye makapi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2017 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe juisi, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120 kwa siku. Tunda lenyewe, likiwa limeiva na kupondwa au kukatwa, halihitaji mpaka wa namna hiyo.

Wapo wanaokimbilia asali kwa kuiona ya asili. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asali ni ya hatari, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa wa kupooza misuli. Akishavuka umri huo hatari hiyo huondoka, lakini asali inabaki kuwa sukari.

Upande wa pili wako wanaoamini kwamba sukari humfanya mtoto awe mtukutu. Uchambuzi uliounganisha majaribio kadhaa na kuchapishwa mwaka 1995 katika jarida la JAMA haukuona sukari ikibadilisha tabia za watoto. Sababu za kuiepuka ni nyingine nazo zinatosha: huozesha meno, huzoesha ulimi utamu kabla haujajua ladha ya kitu kingine, na huchukua nafasi katika zile mililita 300. Kwa nafaka za boksi zenye picha za kuvutia, soma orodha ya viambato, kwa kuwa hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Sukari ikiwa ya pili au ya tatu, rudisha boksi mahali pake.

Dhana: Yai na karanga vingoje mpaka mtoto awe mkubwa, visije vikamletea mzio

Dhana hii ilikuwa ushauri wa wataalamu. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza kwamba watoto wenye uwezekano mkubwa wa kupata mzio wasipewe mayai kabla ya miaka miwili wala karanga kabla ya mitatu, na mwaka 2008 waliubadilisha ushauri huo baada ya kuona hakuna ushahidi kwamba kuchelewesha kunakinga. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa watoto wachanga 640 waliokuwa na dalili za kuelekea mzio: waliolishwa karanga tangu uchanga hadi miaka mitano walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 80 kuliko walioziepuka. Kwa hiyo yai lililoiva vizuri, lenye protini gramu 6 hivi, ni kifungua kinywa bora kwa mtoto wa mwaka mmoja. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kuvimba au kutapika baada ya kula kitu fulani, daktari amwone kwanza.

Umbo la chakula ni jambo lingine, na hapa naomba tusilegeze. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu inaweza kumpalia. Apewe iliyosagwa laini na kuchanganywa katika chakula. Zabibu mbichi ikatwe vipande vinne kwa urefu wake, karoti ipikwe, bisi zisubiri. Mtoto ale akiwa ameketi, na mtu mzima awe karibu.

Dhana: Mafuta ni mabaya, tumzoeshe mapema maziwa yasiyo na mafuta

Ushauri wa mtu mzima anayepunguza uzito haumhusu mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ubongo wake unakua kwa kasi, na mafuta ndiyo yanayobeba nishati nyingi katika ujazo mdogo. Kabla ya miaka miwili maziwa yake yawe na mafuta yake yote.

Dhana: Asubuhi ina vyakula vyake

Haina. Kiporo cha maharage, viazi au samaki aliyetolewa miiba kinafaa asubuhi kama kilivyofaa jioni, mradi kilihifadhiwa kwenye baridi mapema na kimepashwa moto mpaka kikatoa mvuke hadi katikati.

Dhana: Akikataa, lazima ashindiliwe

Katika mwaka wa kwanza mtoto hufikia karibu mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili au mbili na nusu tu. Hamu yake hupungua kwa sababu kasi ya kukua imepungua, na mama anayelinganisha bakuli la leo na la miezi sita iliyopita huingiwa na hofu bure. Mtoto anayegeuza uso, anayefumba mdomo au kusukuma kijiko anasema ameshiba kwa lugha pekee aliyonayo. Akibanwa pua au kufukuzwa na kijiko nyumba nzima hujifunza kuichukia meza.

Daktari Clara Davis wa Marekani alilichunguza jambo hili kuanzia miaka ya 1920. Watoto 15 walioachishwa ziwa waliwekewa vyakula kutoka orodha ya vyakula 34, wakaachwa wachague wenyewe, mwuguzi akisubiri mkono wa mtoto uelekee wapi. Siku moja mtoto alikula mayai tupu, siku nyingine matunda matupu, lakini kwa jumla ya muda walikua vizuri. Davis mwenyewe alieleza siri ilikuwa wapi: hapakuwa na sukari wala chakula cha kopo katika orodha yote. Mtoto alichagua kiasi, mtu mzima alikuwa amekwisha kuchagua vyakula.

Kwa hiyo chakula kiwekwe, mtoto apewe kama nusu saa, kisha kiondolewe bila hasira na bila biskuti kuchukua nafasi yake, maana mlo mwingine utakuja baada ya saa mbili au tatu. Chakula kipya kirudishwe kidogo kidogo, mara nane, mara kumi au zaidi, kabla ya kusema hakipendi. Lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukilala au kushuka, au mtoto akikataa chakula huku ana homa, anaharisha, amelegea au hakojoi kama kawaida, hilo si suala la hamu tena, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.